Kibarua wa Nakivale na Njia Ndefu ya Mkataba

Kabla makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, hayajampokea mkimbizi hata mmoja, Mbarara ilikuwa njia ya vibarua. Tangu miaka ya 1920, wanaume kutoka Ruanda-Urundi, nchi zilizokuwa mikononi mwa Wabelgiji, walivuka mpaka kwa miguu wakapita Ankole kwenda kwenye mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda. Walikuwa makumi ya maelfu kwa mwaka. Wapo waliosukumwa na njaa, hasa ile ya mwishoni mwa miaka ya 1920, na wapo waliokimbia kazi ya shuruti iliyojulikana kwao kama akazi: kulima na kuchonga barabara kwa amri ya chifu, huku kiboko kikiwa karibu. Walilala njiani, wakala walichopata, na Mbarara ikawa kituo cha kupumzika kabla ya kuelekea Masaka.

Upande wa Waingereza haukuwa na mikono safi pia. Ankole ilitia saini mkataba wake na Uingereza mwaka 1901, na baada ya hapo kila mwanamume mzima akawa mdaiwa wa kodi na wa oruharo, siku za kazi ya bure kila mwaka kwa ajili ya barabara, majengo ya chifu na mengineyo. Buganda ilikuwa na mzigo wa ziada ulioitwa kasanvu, kazi ya lazima yenye ujira mdogo, na huo ulifutwa mwaka 1922 baada ya malalamiko mengi. Aliyeweza kulipa fedha badala ya oruharo alijinunulia siku zake. Asiye na fedha alizitafuta kwa kwenda kuuza nguvu zake mbali na kwao. Hivyo ndivyo soko la vibarua lilivyozaliwa katika nchi hizi. Kodi ilimtoa mtu nyumbani kwake, na hitaji la mshahara likafuata.

Sheria ya kwanza ya maana kuhusu kazi katika Uganda ilikuwa ile ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1913. Humo mkataba wa kazi ulitambuliwa kama jambo la kisheria, lakini ulikuwa mkataba wa upande mmoja. Mtumishi aliyeondoka kabla ya muda wake kwisha hakuhesabiwa kuwa amevunja ahadi tu. Alihesabiwa kuwa mhalifu, na angeweza kutozwa faini au kufungwa. Bwana aliyechelewesha mshahara alikuwa na deni, basi. Kwa maoni yangu, mtu asiyeielewa tofauti hiyo hawezi kuelewa ni kwa nini sheria za baadaye zilikuja na maneno mengi kuhusu notisi, sababu na haki ya kusikilizwa. Zilikuwa zinajibu karne ambayo mfanyakazi alipoacha kazi alitafutwa na polisi.

Hayo hayakuwa mambo ya Buganda peke yake. Katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, karibu na mto Kagera, migodi ya bati ya Mwirasandu ilikuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1920, na mji mdogo wa Kikagati ukakua kwa sababu ya bati hiyo. Vibarua wa migodi walitoka pande zote mbili za mpaka. Nakivale iko katika wilaya hiyohiyo. Mkimbizi aliyefika baadaye alikanyaga ardhi iliyokwisha kuzoea jasho la mtu wa mbali.

Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 29 kuhusu kazi ya shuruti. Ulieleza jambo kwa maneno machache: kazi ya shuruti ni kazi yoyote anayodaiwa mtu kwa tishio la adhabu, bila yeye kujitolea kwa hiari. Ndani yake iliachwa nafasi kwa kazi ndogondogo za kijamii na kwa utumishi wa jeshi, na watawala wa makoloni waliitumia nafasi hiyo kwa miaka mingi. Uganda huru iliuridhia mkataba huo mwaka 1963, na katiba ya mwaka 1995 ikaweka katazo hilo katika ibara yake ya 25.

Makazi ya Nakivale yalianza kuchukua sura mwaka 1958, yakathibitishwa rasmi mwaka 1960. Wakazi wake wa kwanza wengi walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, na wengi walikuja na ng'ombe wao. Mwaka huohuo wa 1960 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwadhibiti wakimbizi wa kigeni. Jina lake tu lilieleza nia yake. Mkimbizi aliweza kuamriwa akae katika makazi aliyopangiwa, kuondoka bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai, na mifugo yake iliweza kuchukuliwa. Uhuru ulipokuja Oktoba 1962, sheria hiyo ilibaki, na iliendelea kuwepo kwa zaidi ya miaka 40.

Watu hawakukaa bila kazi katika miaka yote hiyo. Wanyarwanda wa Nakivale na wa Oruchinga, makazi jirani, walichunga ng'ombe wa matajiri wa Ankole, wakalima migomba ya wenyeji, wakabeba mizigo sokoni. Malipo mara nyingi yalikuwa maziwa, sehemu ya mavuno au mahali pa kulala. Mbele ya sheria, mtu kama huyo alikuwa katika giza. Kazi aliifanya, na mwajiri alikuwepo, lakini kwa kuwa hata kutembea kwake nje ya makazi kulikuwa kosa, angeanzia wapi kumshitaki aliyemnyima ujira? Mwenye ng'ombe alilijua hilo vizuri.

Oktoba 1982 giza hilo lilionyesha ukali wake wote. Viongozi wa eneo na vijana wa chama tawala cha wakati huo waliwafukuza watu wa asili ya Rwanda kutoka vijiji vya Mbarara na maeneo ya jirani. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakagawanwa. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda au wakarudi kujazana Nakivale na Oruchinga. Wengi wao walikuwa wachungaji na vibarua waliokuwa wameishi kwa waajiri wao miaka mingi, na wengine walikuwa raia halali wa Uganda. Sijaona mahali popote ambapo mishahara yao ya nyuma ilihesabiwa. Kila mara historia ya tukio hilo inapoandikwa kama historia ya siasa na makabila, husahaulika kwamba ilikuwa pia kuachishwa kazi kwa umati, bila notisi na bila malipo.

Kampala nako sheria za kazi zilikuwa zikitembea polepole. Idi Amin alitoa Amri ya Ajira ya mwaka 1975, na hiyo ndiyo iliyotawala uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa kwa miaka 31. Mwaka 1984 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Chini ya mfumo huo mahakama ziliona mkataba wa ajira kama makubaliano ya kawaida ya watu wawili: kama umesema mtu anaweza kuachishwa kwa notisi ya mwezi mmoja, basi mlipe mwezi huo na aende zake, na sababu ni siri ya mwajiri. Mahakama ya Juu ilishikilia msimamo huo katika kesi maarufu ya benki na meneja wake, rufaa iliyofunguliwa mwaka 1998. Jambo la kushangaza ni kwamba Uganda ilikuwa imekwisha kuridhia, mwaka 1990, Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, unaosema mtu asiachishwe kazi pasipo sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya kazi yenyewe. Ahadi ilitolewa Geneva, na nyumbani hapakuwa na sheria ya kuitekeleza.

Kisha ukaja mwaka 2006. Bunge lilipitisha kwa mpigo Sheria ya Ajira, Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi, sheria ya utatuzi wa migogoro ya kazi, na sheria ya usalama na afya kazini. Katika mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Wakimbizi, iliyoifuta ile ya 1960. Sijui kama wabunge waliziona kuwa ndugu. Kwa mtu wa Nakivale ni ndugu, na zinapaswa kusomwa pamoja. Ya wakimbizi ilimfungulia mlango wa ajira. Ya ajira ilimweleza ana haki gani akishaingia.

Sheria ya Wakimbizi, katika kifungu cha 29 cha toleo la 2006, inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kupata nafasi za kazi na kufanya kazi ya kujipatia kipato. Kanuni za mwaka 2010 zilikwenda mbali zaidi: atendewe vizuri kadiri anavyotendewa mgeni mkazi aliye katika hali kama yake, na asidaiwe ada yoyote ili aanze au aendelee na kazi. Hata hivyo, kwa miaka mingi maofisa wa uhamiaji na maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi, hawakuwa na jibu moja kuhusu kibali cha kazi. Upande mmoja ulisema mkimbizi ni mgeni kama wageni wengine na anahitaji kibali. Upande wa pili ulisema kadi yake ya ukimbizi inatosha. Waajiri wa Mbarara walioogopa faini walichagua njia rahisi, wakawaacha wakimbizi wenye vyeti nje ya mlango na kuwachukua kwa kazi za siku ambazo hazina karatasi. Muuguzi kutoka Bukavu akaishia kufua nguo za watu. Mwalimu kutoka Bujumbura akaishia kupakia matoke kwenye malori.

Hapo ndipo Sheria ya Ajira inapokuwa na nguvu ambayo wengi hawaijui. Haiulizi kwanza mtu ametoka wapi. Inasema mkataba wa ajira ni makubaliano yoyote, yawe ya maandishi au ya mdomo, yaliyotamkwa au yanayoeleweka kwa matendo, ambayo kwayo mtu anakubali kumfanyia kazi mwajiri kwa malipo. Mama wa Kikongo anayeambiwa na mwenye shamba, "Njoo Jumatatu tuvune maharagwe, nitakulipa kila jioni," ameingia mkataba wa ajira kabla hajagusa jembe. Kifungu cha 6 cha toleo la 2006 kinakataza ubaguzi kwa asili ya taifa la mtu, na kinawapa maofisa wa kazi, waziri na Mahakama ya Viwanda wajibu wa kulinda usawa wa wafanyakazi wahamiaji walioko nchini kihalali. Mkimbizi aliyetambuliwa yuko nchini kihalali. Sioni namna ya kusoma maneno hayo ili yamwache nje.

Mama huyo ni kibarua, na sheria ina maelezo yake. Kibarua ni anayefanya kazi kwa siku au kwa saa na malipo yake yanadaiwa siku inapokwisha. Kanuni za mwaka 2011 zinasema mtu asiendelee kuwa kibarua kwa mwajiri yuleyule zaidi ya miezi minne. Akivuka hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki zote za mfanyakazi wa kawaida. Katika ujenzi wa Mbarara, mji uliokua haraka hadi ukapewa hadhi ya jiji Julai 2020, kanuni hiyo ingebadilisha maisha ya watu wengi kama ingefuatwa. Linalotokea ni kwamba kibarua anasimamishwa kwa wiki moja kabla miezi minne haijatimia, kisha anaitwa tena kama mtu mpya.

Mfanyakazi aliyevuka daraja la ukibarua anakutana na mambo mengine. Anaweza kuwekwa katika kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, kinachoweza kuongezwa kwa miezi sita mingine akikubali. Wiki yake ya kazi isizidi saa 48, na siku moja kati ya saba ni ya kupumzika. Mwanamke akijifungua ana siku 60 za kazi za likizo yenye malipo, na baba ana siku nne. Akitaka kuacha kazi au mwajiri akitaka kumwachisha, pana notisi: wiki mbili kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hajafika mwaka, mwezi mmoja kwa aliyefikisha mwaka hadi miaka mitano, miezi miwili hadi miaka kumi, na miezi mitatu kwa aliyefika au kuvuka hapo. Na aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Sheria ya fidia ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe, na endapo mfanyakazi amefariki, familia inastahili mapato yake ya miezi 60.

Kifungu kinachonigusa zaidi ni cha 66 katika toleo la 2006 la Sheria ya Ajira. Kabla mwajiri hajamfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kushindwa kazi, lazima amweleze sababu katika lugha ambayo mfanyakazi huyo anatarajiwa kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu mwingine amtakaye. Halafu mwajiri lazima asikilize majibu yake. Nakivale ni mahali ambapo Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiamhari vinasikika katika njia moja ya sokoni, wakati mwenye duka au kampuni huenda anazungumza Runyankole na Kiingereza. Kumfukuza Msomali kwa barua ya Kiingereza ambayo hawezi kuisoma ni kuvunja sheria, hata kama kweli aliiba. Mwajiri asiyesikiliza anadaiwa mshahara wa wiki nne kwa kosa hilo peke yake, mbali na fidia nyingine.

Kufukuzwa kwa namna hiyo ni tofauti na kusitishwa kwa mkataba. Kufukuzwa hutokana na kosa la mfanyakazi. Kusitishwa kunaweza kutokana na mkataba kwisha, kazi kupungua au mwajiri kufunga biashara. Kufukuzwa papo hapo bila notisi kunaruhusiwa tu pale mfanyakazi amevunja wajibu wa msingi wa mkataba. Baada ya 2006, kwa kila namna ya kuachishwa, mwajiri anapaswa kuthibitisha sababu. Mahakama hazijawa na sauti moja: Mahakama ya Juu imesema haki ya mwajiri kusitisha mkataba haizuiliwi mradi afuate utaratibu, na Mahakama ya Viwanda imeelekea kudai sababu halisi. Mvutano huo bado uko hai.

Ndani ya makazi yenyewe kuna kundi ambalo sheria huliona kwa shida. Ni wakalimani, wahamasishaji wa afya na wasaidizi wa walimu ambao mashirika huwaita watu wa kujitolea na kuwapa posho ya mwezi. Kazi nyingi za Nakivale zingesimama siku moja wakikaa nyumbani. Je, ni wafanyakazi? Swali la kuuliza si jina lililoandikwa kwenye karatasi. Ni nani anayepanga saa zao, nani anawaelekeza, nani anawapa vifaa, na je, posho ile ni marejesho ya nauli au ni ujira uliobadilishwa jina? Mkandarasi wa kujitegemea hujipangia kazi na hubeba hasara yake mwenyewe. Mtu anayesaini daftari saa mbili asubuhi na kuomba ruhusa kwenda kliniki hafanani naye. Naamini wengi wao, wakifika mbele ya jaji, wangeonekana kuwa waajiriwa, na mashirika yanayohubiri haki za wakimbizi yanapaswa kuwa ya kwanza kulitambua hilo.

Upande wa pili wa sarafu hausemwi mara nyingi. Mkimbizi pia ni mwajiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, Nakivale ikiwemo, walieleza mwaka 2014 kwamba katika Kampala asilimia 21 ya wakimbizi waliendesha biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kati ya waajiriwa hao asilimia 40 walikuwa Waganda. Nakivale, Msomali mwenye duka humwajiri kijana Mrundi. Mkongo mwenye kinu cha kusaga humwajiri Munyankole. Wajibu wa notisi, wa kusikiliza na wa kulipa unawahusu hawa sawasawa. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii unawahusu waajiri wote bila kujali idadi ya wafanyakazi wao: asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mfanyakazi.

Mgogoro ukizuka makazini, kwa kawaida huanzia kwa mwenyekiti wa baraza la ustawi wa wakimbizi. Hapo watu hupatanishwa, na mara nyingi hilo linatosha. Lakini baraza halina mamlaka ya kuamua madai ya ajira. Mamlaka hayo ni ya afisa wa kazi, ambaye sheria inataka awepo katika kila wilaya. Yeye husuluhisha kwanza, na usuluhishi ukishindikana anaweza kuamua. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Viwanda, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1964 na kufufuliwa chini ya sheria ya 2006, lakini kikaanza kazi tena mwaka 2014 tu. Miaka minane ya kungoja majaji ilikuwa miaka ambayo madai mengi yalikufa.

Madai hufa pia kwa sababu ya kalenda. Aliyefanya kazi mfululizo kwa wiki 13 au zaidi anaweza kulalamika kwamba aliachishwa isivyo haki, lakini anapaswa kufanya hivyo ndani ya miezi mitatu tangu alipoachishwa, au aonyeshe kwamba ni haki apokelewe akiwa amechelewa. Mkimbizi anayepaswa kuomba ruhusa ya kutoka makazini, kutafuta nauli na kumpata mtu wa kumtafsiria, anaweza kuiona miezi mitatu ikiisha huku bado akizungushwa kati ya ofisi ya kamanda wa makazi na kituo cha polisi.

Bunge lilijaribu kusogeza mambo. Februari 2019 lilipitisha muswada wa kima cha chini, na Rais Museveni akakataa kuutia saini. Mei 2023 likapitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyolenga kuwalinda vibarua, watumishi wa nyumbani na wanaoajiriwa kupitia mawakala, na hayo nayo yakarudishwa. Kwa hiyo kiwango cha shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984, hakijapata mrithi, na ujira wa kibarua wa Nakivale huamuliwa asubuhi, mlangoni mwa shamba, kati ya watu wawili.

Kwa kuwa makubaliano hayo ni mkataba kamili, yanaweza kuthibitishwa. Ujumbe wa malipo ya simu wenye jina la mwajiri na tarehe, jirani aliyevuna naye mstari mmoja, daftari dogo la siku zilizofanyiwa kazi, barua ya mwenyekiti wa baraza inayoeleza kwamba pande mbili zilifika mbele yake: vyote hivyo ni ushahidi ambao afisa wa kazi anaweza kuupokea, hasa ukimfikia kabla miezi mitatu haijapita.